Jiko: Kutoka Mafigani hadi Kamukunji

Neno jiko lina maana nne zinazotumika kila siku katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Ni chombo cha bati na udongo kinachowashwa makaa. Ni mahali pa kupikia, yaani jikoni. Ni mke, kama isemwavyo kwamba kijana fulani amepata jiko. Na kwa kupitia wingi wake, meko, limekuwa jina la mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake. Kamusi huanza na mahali pa moto, kisha hushuka hadi kwenye chombo. Eastlands huanza na chombo. Mtoto wa Jericho au Dandora akiambiwa alete jiko, hatafuti chumba. Huenda kubeba kitu kilichowekwa nje ya mlango. Kugeuka huko kwa maana, kutoka mahali hadi kitu kinachobebeka, kuna historia yake, na historia hiyo inafungamana na jinsi mitaa yenyewe ilivyojengwa.

Kwa asili jiko ni neno la Kibantu kabisa. Halikutoka Uarabuni, Uajemi wala India, tofauti na majina mengi ya vyombo vya nyumbani kama sufuria, sahani na birika. Umbo lake linaonyesha ukale wake. Wingi wa jiko ni meko, kama vile wingi wa jino ni meno: mzizi unaanza na i, na kiambishi cha wingi ma- kinapokutana na i hiyo, sauti mbili zinayeyuka kuwa e. Ma-ino likawa meno, ma-iko likawa meko. Mzizi huo umesambaa mbali. Wakikuyu husema riko, Wanyarwanda husema iziko, na Waxhosa na Wazulu wa Afrika Kusini pia husema iziko, hata shirika la makumbusho ya taifa mjini Cape Town likajiita Iziko. Mahali pote huko neno lina maana moja ya msingi: pale moto wa nyumba unapokaa.

Neno linaloandamana nalo, figa, ni la ukoo huohuo. Mafiga ni mawe matatu ya kuinjikia chungu. Kikuyu kina mahiga, Kinyarwanda kina amashyiga, Kiganda kina amasiga. Kijiko cha kulia, kinyume na sura yake, si jiko dogo. Kijiko ni mtoto wa mwiko, kama kijiba kilivyotoka kwa mwiba. Wazungumzaji wengi huyaunganisha maneno hayo mawili kwa sababu yote yanakaa jikoni, lakini ni koo mbili tofauti.

Kwa nini mahali pa moto pakawa jina la mke? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, nyumba haikuhesabiwa kuwa nyumba mpaka moto uwashwe ndani yake, na mwenye moto alikuwa mwanamke. Kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938, kinaeleza kwa kirefu ujenzi wa nyumba ya Kikuyu na taratibu za kuingiza moto wa kwanza. Waganda walilitumia neno ssiga, jiwe la mafiga, kuwa jina la tawi la ukoo, chini ya ukoo wenyewe. Katika Kijaluo, ambacho si lugha ya Kibantu, mahali pa moto ni kendo, na kuoa pia huandikwa kendo. Kwa hiyo msemo wa Kiswahili wa kupata jiko haukubuniwa na wahariri wa magazeti, ingawa wao ndio walioufanya uzoeleke Nairobi kwa vichwa vya habari kuhusu watu mashuhuri walioasi ukapera. Umetoka katika fikra ya zamani kwamba anayeoa hapati mtu tu, bali anapata moto wake mwenyewe, na asiyeoa bado anakula kwenye moto wa mama yake.

Fikra hiyo ilifika Nairobi na kukuta mji usio na mahali pa kuiweka.

Reli iliyoanzia Mombasa 1896 ilifika penye kinamasi cha Nairobi 1899. Vijiji vya Waafrika vilichipuka pembeni mwa mji mpya: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Wengi wa wakaaji wake walikuwa Waislamu waliotoka pwani au waliosilimu, wapagazi wa zamani, askari wa Kinubi, wafanyabiashara wadogo, na wanawake waliojitegemea. Nyumba walizojenga zilifuata mtindo wa Uswahilini: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma. Jiko lilikuwa uani. Serikali ya kikoloni ilipofungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika wa vijiji hivyo mahali pamoja, iligawa viwanja na kuwaacha wenyewe wajenge, nao wakaijenga upya nyumba ileile ya ukumbi na ua. Hivyo Majengo ya Pumwani ikawa sehemu ya kwanza ya Eastlands ambako neno jikoni lilikuwa na maana yake kamili ya pwani: mahali nyuma ya nyumba, penye moshi, maji na mazungumzo ya wanawake.

Wanawake wa Pumwani wanastahili kutajwa peke yao katika historia ya neno hili. Wengi wao walikuwa wenye nyumba. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu Nairobi ya kikoloni, The Comforts of Home, alionyesha jinsi walivyowauzia wanaume wa mjini si vitanda tu bali chai, chakula kilichopikwa, maji ya kuoga na hali ya kuwa nyumbani. Mji ulikuwa umejaa wanaume wasio na jiko kwa maana mbili za neno, moto na mke. Wanawake hao ndio waliokuwa na moto.

Upungufu huo wa moto haukutokea kwa bahati mbaya. Sera ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni wa muda, kibarua ambaye mke na watoto wake wamebaki mashambani, na mshahara wake ulikadiriwa kwa tumbo moja. Makazi yakafuata hesabu hiyo. Kariokor, iliyopata jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilifunguliwa 1929 ikiwa mabweni ya wanaume, ambamo mtu alipangishwa nafasi ya kulala. Landhi za reli za Muthurwa na Makongeni zilikuwa safu za vyumba vimojavimoja. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea waliovunjiwa Pangani, na jina lake, ambalo maana yake ni kwamba mtu auulize moyo wake, lingali likibeba uchungu wa uhamisho ule. Mwenye nyumba ya Pangani, aliyekuwa na ua wake, aliletwa mahali ambapo yeye ni mpangaji wa baraza la mji.

Kaloleni ya miaka ya 1940 ilipangwa kwa ajili ya familia, ikawa tofauti na mitaa iliyoitangulia. Kisha katika miaka ya 1950 serikali yenyewe ilianza kukiri kosa la hesabu yake. Kamati ya Carpenter ya 1954 ilipendekeza mshahara unaoweza kumlisha mfanyakazi pamoja na familia yake mjini. Mitaa ya Ofafa, iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa 1953, pamoja na Maringo, Jericho na Jerusalem, ikajengwa katika miaka hiyo na iliyofuata. Hata hivyo sehemu kubwa ya makazi ya baraza la mji ilibaki kuwa chumba kimoja, au viwili, vyenye bafu, choo na mahali pa kupikia pa kutumiwa na jirani zaidi ya mmoja. Familia tatu au nne haziwezi kuwa na moto mmoja. Kila mama alitaka wake, na moto wake ulipaswa kuwa kitu anachoweza kukiingiza ndani usiku na kukifungia mlango.

Hapo ndipo chombo kinapoingia. Jiko la bati la kuchomea makaa, lile la zamani lisilo na udongo, halikuwa la Kibantu kama jina lake. Maelezo yanayorudiwa zaidi katika maandishi ya nishati ni kwamba lilitoka India, likaletwa na mafundi na wafanyabiashara waliofuata reli, ambayo ujenzi wake peke yake uliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka huko. Ushahidi mzuri wa maelezo hayo umo katika lugha. Nchini Uganda chombo hichohicho huitwa sigiri, na sigri ndilo jina la seredani ya makaa huko kaskazini na magharibi mwa India. Uganda ilipokea kitu pamoja na jina lake. Rwanda ilikiita imbabura, jina la ukoo mmoja na mbaula ya Zambia. Kiswahili cha pwani kilikuwa tayari na seredani. Nairobi haikuchukua hata moja kati ya hayo. Ilikipa chombo kigeni jina la zamani kuliko yote, jina la mahali pa moto wa nyumba.

Uchaguzi huo una maana. Mtu huita kitu kwa jina la kile kinachokijaza nafasi yake. Mpangaji wa Eastlands hakuwa na ua, hakuwa na mafiga matatu, hakuwa na ardhi ya kuyakita. Kilichobaki cha jiko lake ni kopo la bati lenye mkono wa waya, na akaliita jiko kwa sababu kwake ndilo lililokuwa jiko lenyewe. Chumba kilipokosa mahali pa moto, neno lilihamia kwenye kitu kinachohamishika.

Mafundi wa kukitengeneza hawakuwa mbali. Kando ya Mto Nairobi, kati ya Shauri Moyo, Gikomba na uwanja wa Kamukunji, kulikua soko la wafua bati. Malighafi yao ilikuwa mapipa ya mafuta, madebe, vyuma chakavu na mabaki ya mabati. Hapo yalitoka majiko, karai, mabirika, masanduku ya wanafunzi wa mabweni, sufuria kubwa za harusi na shule, na mikokoteni. Walifanya kazi hiyo nje, juani, na kutokana na hali yao likapatikana neno jingine la Nairobi lililoenea Kenya nzima: jua kali. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, lilisema wazi kwamba kazi za aina hii, ambazo askari wa baraza la mji walikuwa wakizifukuza, zilikuwa za maana kwa uchumi. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya dola kuwatambua mafundi hao waziwazi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea Kamukunji, akawaahidi mabanda, na mabanda yakajengwa.

Anayesimama Kamukunji husikia kazi kabla hajaiona. Mlio wa nyundo juu ya bati hauna pengo hata dakika moja, kwa sababu hakuna fundi mmoja anayetengeneza jiko zima tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja hukata pipa kuwa vipande, wa pili hukunja kiwiliwili, wa tatu hutoboa na kufunga kijimlango cha kuingizia hewa na kutolea majivu, wa nne hutia miguu na mikono. Vipimo hukaa katika macho na mikono zaidi ya kwenye rula. Ufundi hupokewa kwa kukaa karibu na anayejua, na kijana huanza kwa kunyoosha bati lililokunjamana kabla hajaruhusiwa kulikata.

Jiko la bati tupu lilikuwa na ila kubwa: lilitoa joto pande zote. Nusu ya makaa ilipasha hewa ya chumba na miguu ya mpishi badala ya chungu, na bati lenyewe liliungua na kutoboka baada ya muda mfupi. Katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda duniani na misitu ya Kenya ikazidi kukatwa, ila hiyo ya chombo kidogo ikawa jambo la kitaifa. Mnamo Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Nishati Mpya na Jadidifu, na meko yakajadiliwa pamoja na mabwawa na mitambo ya upepo. Wakati huohuo Wakenya walikuwa wamepelekwa Thailand kutazama jiko la ndoo la huko, lililokuwa na ukuta wa udongo uliochomwa ndani ya kopo la bati. Udongo hushika joto na kulielekeza juu.

Jiko la Thailand halikunakiliwa jinsi lilivyo. Toleo la mwanzo lililofuata umbo la ndoo, lenye udongo kutoka juu hadi chini, lilikuwa zito na udongo wake ulipasuka. Mpishi wa Nairobi pia hana mchezo na chungu: husonga ugali kwa nguvu za mabega mawili, na jiko lisilosimama imara hupinduka. Wabunifu, akiwemo Maxwell Kinyanjui, pamoja na mafundi waliokuwa wakilijaribu, walilibana katikati na kulipanua chini, likapata kiuno. Udongo ukawekwa nusu ya juu peke yake, pale makaa yanapowaka, ukashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Nusu ya chini ikabaki bati tupu la kupokea majivu na kuingiza hewa. Umbo hilo la kiuno chembamba na tako pana ndilo linalojulikana leo na kila mtu, kiasi kwamba mchoro wake pekee unatosha kuashiria chakula ukutani mwa kibanda.

Likaitwa Jiko la Kauri la Kenya, na kutoka 1982 likaanza kuuzwa. Mwanzoni lilikuwa ghali, likauzwa kwa takriban dola 15, na wanunuzi walikuwa wachache. Kilicholiokoa ni kwamba halikufungiwa hati ya kumiliki. Wakufunzi wa mradi wa jiko hilo na wa mashirika kama KENGO waliwafundisha mafundi walewale wa Shauri Moyo na Kamukunji, wao wakawafundisha wenzao, na wengine wakaiga bila kufundishwa. Ushindani ukashusha bei hadi kati ya dola 1 na 3. Ulishusha ubora pia: udongo uliochomwa haraka, saruji kidogo, bati jembamba. Hilo ni kweli na mafundi wazuri hawalifichi. Lakini jiko bovu kidogo lililo ndani ya nyumba lilikuwa na faida kuliko jiko bora lililobaki dukani. Lilipotengenezwa vizuri lilipunguza makaa kwa kati ya asilimia 20 na 50, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikadiriwa kuwa katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya. Mwaka 1995 mtafiti Daniel Kammen alilieleza katika jarida la Scientific American kuwa mfano wa teknolojia iliyokubalika kwa sababu watumiaji na watengenezaji walishirikishwa kuibuni.

Kwa njia hiyo neno la Kibantu la mahali pa moto likaingia katika Kiingereza cha wataalamu wa nishati, bila tafsiri. Chombo chenyewe kilivuka mipaka kikabadilishwa majina: Ethiopia kikaitwa Lakech, Ghana Gyapa, Tanzania jiko bora. Wafua bati wa kando ya Mto Nairobi hawakupata malipo ya ubunifu kutoka mahali hapo pote. Haki ingedai watajwe pamoja na wahandisi kila jiko hilo linapotajwa.

Wakati jiko likibadilika Kamukunji, nyumba nazo zilikuwa zikibadilika. Buruburu, iliyoanza kujengwa 1973 kwa watu wenye mishahara ya kulipia mkopo wa nyumba, ilikuja na jikoni ya ndani yenye karo la kuoshea vyombo. Dandora, mradi wa viwanja 6,000 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ilionyesha thamani ya jikoni kwa uwazi usiopatikana penginepo: viwanja vingi vilikabidhiwa vikiwa na choo na bafu tu, na vichache, kwa malipo zaidi, viliongezewa jikoni na chumba. Mahali pa moto palikuwa na bei yake katika jedwali la mradi. Wenye viwanja wengi walijenga vyumba kuzunguka ua, wakavipangisha kimojakimoja, na mpangaji akarudi palepale alipokuwa babu yake wa Kariokor, isipokuwa sasa alikuwa na mke na watoto.

Katika chumba kimoja cha Dandora, Kayole au Mathare, na baadaye katika maghorofa ya Pipeline, jiko la makaa lina ratiba yake. Huwashiwa nje, kwenye baraza, ngazi au ujia, likaachwa penye upepo mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu. Kisha hubebwa ndani na kuwekwa karibu na mlango, upande wa pili wa pazia linalotenga kitanda. Chakula kikiiva, moto uliobaki hupasha maji ya kuoga. Maharagwe na githeri havipikwi hivyo na wengi tena, kwa kuwa hula makaa mengi. Hununuliwa vikiwa vimechemshwa kwa mama aliye kando ya barabara, ambaye jiko lake kubwa huwaka tangu alfajiri na kuokoa majiko madogo ya mtaa mzima. Makaa nayo hununuliwa kwa kipimo cha mfuko wa mtu: gunia kwa mwenye nafasi, debe kwa wa kawaida, gorogoro au mkebe kwa anayenunua ya jioni hiyo tu.

Kuna hatari katika ratiba hiyo ambayo haipaswi kupitwa haraka. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika baridi ya Juni na Julai, familia zinazolala na jiko ndani, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, huvuta gesi hiyo usingizini, na karibu kila mwaka Nairobi huzika watu waliokufa hivyo. Jiko la kauri lilipunguza makaa, halikuondoa gesi. Mwenye kulileta ndani alifungulie hewa, na alitoe nje kabla ya kulala.

Stovu ya mafuta ya taa ilikuwa mshindani wa jiko kwa miongo mingi. Iliwaka upesi, ikafaa chai ya asubuhi, ikanukisha chakula mafuta. Haikuitwa jiko na watu wengi; ilibaki na jina lake la kuazima, kana kwamba lugha ilikataa kuikabidhi cheo cha moto wa nyumba. Mnamo 2018 mambo mawili yalitokea kwa mwaka mmoja. Februari serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikaruka. Septemba mafuta ya taa yakatozwa ada mpya ya shilingi 18 kwa lita, iliyokusudiwa kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli. Waliokuwa wakipikia vyote viwili wakasukumwa kwenye gesi. Gesi yenyewe ilikuwa imeondolewa kodi ya ongezeko la thamani 2016, ikarudishiwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa tena 2023. Kila badiliko hilo lilionekana Eastlands kwenye milango: majiko yalirudi barazani gesi ilipopanda, yakaingia uvunguni iliposhuka.

Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu ndio uliofaa chumba kimoja, na huo ndio unaoitwa meko. Jina lilianza kama la kibiashara, likawa la mtungi wowote wa ukubwa huo. Kisarufi ni tukio la nadra. Neno la wingi limekatwa kutoka kwa umoja wake na kusimama peke yake likiwa umoja mpya. Mkazi wa mtaa wa Umoja husema meko yangu imeisha, na mwuza gesi humwambia zimebaki meko mbili. Jiko nalo limebaki bila wingi wake wa asili, likatafuta mwingine: majiko kwa anayefuata kanuni ya jina la kawaida, jiko mbili kwa asemaye Kiswahili cha mtaani. Upatanisho umebadilika pia. Mombasa husema jiko langu. Eastlands husema jiko yangu, na jiko ya makaa. Hata udogo umepata njia yake. Kwa kuwa kijiko tayari ni cha kulia, jiko dogo la mtu mmoja huitwa kajiko, kwa kiambishi kilichopatikana katika Kikuyu na Kikamba.

Walimu wa sarufi huyaita haya makosa. Kwa anayefuatilia historia ya neno, ni hatua za safari ileile iliyoanza Wabantu walipolipeleka riko, iziko na jiko huku na huko, kila kundi likilitamka kwa ulimi wake. Tofauti ni kwamba hatua za zamani zinakisiwa, na hizi zinasikika leo katika foleni ya gesi.

Kamusi nyingi za Kiswahili bado zinaandika meko kuwa wingi wa jiko tu, bila maana ya mtungi. Wanaozihariri waiongeze, kwa ngeli yake ya Nairobi. Na idara za Kiswahili za vyuo vikuu, ambazo baadhi ziko mwendo mfupi tu kutoka Kamukunji, ziwatume wanafunzi wakaandike majina ambayo wafua bati huyatumia kwa kila kipande cha jiko, kila kipimo na kila pigo la nyundo, maana sehemu kubwa ya msamiati huo ingali vinywani mwa mafundi, na walioliona jiko la kwanza lenye kiuno likikunjwa wamekwisha kuwa wazee.